Mwendo wa Mshika Taa

Mtu wa kwanza kuingia dukani kwangu na kuomba aonyeshwe giza alikuwa Mkasi.

Wanunuzi wa televisheni zilizotumika nawajua. Wawekee maua, kasuku na maji ya buluu, watalainika wenyewe. Rangi kali huficha ugonjwa wa kioo kama poda inavyoficha makovu, na mimi nina kasuku wangu maalumu kwa kazi hiyo. Ndiye aliyenijengea nyumba. Huyu dada alimtazama kasuku kidogo tu, akatua begi lake sakafuni.

"Kaka, ndege wako mzuri. Sasa mtoe, niwekee kitu chenye giza."

"Giza la nini, dada? Televisheni hununuliwa kwa mwanga."

"Mwanga hata ukutani upo. Nataka nione kama nyeusi yako ni nyeusi kweli au ni kijivu kilichovaa koti."

Hapo nikajua nimepata mtu anayejua anachonunua, jambo ambalo muuzaji halipendi hata kidogo.

Kitu chenye giza nilikuwa nacho kimoja, filamu iliyosahauliwa kwenye flashi na kinyozi wa mlango wa pili. Nyuma ya duka nina chumba cha kukodisha michezo ya video, na kinyozi huyo, mtu mzima mwenye wajukuu, huingia humo kila akikosa vichwa vya kunyoa, kumtembeza msichana mmoja wa kwenye mchezo. Wachezaji humwita Mwenye Kandili. Mji wake umezama, maji yanafika magotini, na yeye hana upanga wala bunduki. Kazi yake ni kutangulia na kandili ili wengine waone pa kukanyaga. Mchezo ulipotolewa upya, waliouunda walimwondoa. Hapigani, hana faida. Hata mimi ningemwondoa. Lakini wachezaji walimlilia, na mama mmoja mtengeneza filamu akawafuata majumbani kwao, akawahoji, akatoa filamu ya makala nzima juu ya yule msichana, kana kwamba aliwahi kula na kulala na kupiga chafya kama sisi.

Nikaichomeka. Kioo kikawa cheusi. Kwanza zikasikika hatua za mtu ndani ya maji, chwa, chwa, halafu mbali kabisa kikatokea kinuru, kama kijiti cha kiberiti kilichowashwa na mtu aliye usingizini. Mkasi akasogea. Alikuja kukagua kioo, akasahau kioo. Wateja wakaingia na kutoka, jua likahama upande mmoja wa duka kwenda mwingine, naye amesimama palepale, mkono shavuni, uso wake ukiwaka na kufifia.

Mimi sikusahau kitu. Mtu akiota amesimama dukani kwako, usimwamshe, mtajie bei. Nikamtajia ile ya juu. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona nimeomba kidogo. Begi lake lilikuwa wazi, na ndani niliona boksi la diski za zamani za kuhifadhia picha za video, alizoleta kuuliza kama nanunua.

"Na hizo diski ziwe nyongeza," nikasema. "Televisheni nitakuja kukufungia ukutani kwa mkono wangu."

"Zichukue," akajibu bila kugeuka. "Ni picha mbichi za harusi. Wenyewe wameshapewa zilizopikwa. Hayo ni makapi."

Makapi hayo ukiyafuta vizuri yana soko. Alipotoka na flashi ya kinyozi aliyoiazima, nilicheka mpaka mwenyewe akaja kuuliza kulikoni.

Nilimjua vizuri siku ya kufunga televisheni. Aliishi na mama yake juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kwanza walilala, cha pili kilikuwa ofisi: kompyuta, mapazia mazito, na taa za kamera zimesimama kwenye kona, zimefunikwa shuka kama wageni waliosinzia wakingoja kuitwa mezani. Kazi yake ilikuwa kupiga na kuhariri video za harusi. Waliompa jina la Mkasi hawakukosea. Mjomba aliyelewa, anakatwa. Bibi harusi akijikuna, panakatwa. Wifi akibinua mdomo, anakatwa, na kuna wifi mmoja alimfuata mpaka nyumbani kulipia arudishwe.

Miaka yote hiyo alifanya kazi na mdogo wake wa kiume. Dada alishika kamera, mdogo akashika taa. Mshika taa ni mtu anayeonekana na ukumbi mzima, na kwenye picha hayupo. Kijana huyo alizaliwa na mguu mmoja unaochelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Kisha akapata homa iliyoanza kama utani, akafariki.

Haya nilielezwa na mama yao, aliyekuwa amekaa dirishani anafuma sweta wakati mimi natoboa ukuta.

"Fundi, kioo kikubwa hivyo cha nini?"

"Muulize mwanao, mama. Mimi nalipwa nitundike tu."

"Ameniahidi mdogo wake." Sindano zake hazikusimama. "Sura yake ninayo, baba. Picha zimejaa kabati. Mwendo ndio umenitoka. Nikifumba macho namwona amesimama tu, kama yuko kwenye foleni. Nataka nimwone anakuja. Alivyokuwa akija, pale mlangoni, jioni."

Nilimgeukia Mkasi. Akanivuta kwenye korido.

"Hakuna hata moja anayotembea," akasema kwa sauti ya chini. "Za simu, za sherehe, zote nimetafuta. Akiona kamera imemgeukia anasimama kama nguzo. Hakutaka mguu uonekane."

"Kwa hiyo umeahidi mzigo usiokuwa nao stoo."

"Yule mama wa filamu naye hakuwa nao. Amenifanya nimlilie mtu ambaye hajawahi kuwepo, nimesimama dukani kwako kama mwehu. Mimi wangu alikuwepo, kaka. Nitashindwaje?"

Nikamjibu kwamba kulia ni jambo moja na kumridhisha mama mzazi ni jingine. Nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka.

Haukupita muda akapiga simu kwamba kona ya kioo ina doa. Nikaenda. Dhamana yangu naiheshimu mpaka siku yake ya mwisho. Kesho yake hatujuani. Nilikuta mapazia yamefungwa mchana kweupe na chumba kimejaa maji. Ndivyo nilivyoona nilipofungua mlango: buluu ya ule mji uliozama ilikuwa inacheza darini, kwenye kabati, kwenye mikono ya mama anayefuma. Nilinyanyua mguu juu ya kizingiti kama mtu anayeogopa kulowana. Doa halikuwepo. Alikuwa ameirudia filamu mpaka macho yake yameanza kutengeneza madoa yake yenyewe.

"Kaa," akaniambia. "Niambie unaona nini. Mimi sasa naona hata visivyokuwepo."

"Namwona mzee mmoja anaongea."

"Amekaa wapi?"

"Pembeni. Nusu ya kioo iko tupu. Ningekuwa mimi ningemweka katikati, nafasi isipotee."

"Ndiyo ujanja wake wa kwanza. Kila anayehojiwa amekalishwa pembeni, na anaangalia ule upande mtupu. Jicho lako linakwenda wapi?"

Lilikwenda kwenye utupu. Na utupu ule, nikiri, ulikuwa umekaliwa.

Akasogeza mbele. "Sasa sikiliza. Mzee hajamaliza kuongea, hatua za msichana zimeshaanza. Sauti inatangulia, picha inafuata. Unamsikia anakuja kabla hujaonyeshwa. Halafu mzee akinyamaza, mimi ningekata hapo hapo. Yeye hakati. Anamwacha mzee ameze mate. Uso wa msichana ameuonyesha mara ngapi?"

Nikafikiri. "Hajauonyesha."

"Mpaka mwisho hauonyeshi. Mgongo, kivuli, mwanga unaopita ukutani, basi. Na ukiulizwa utaapa umemwona."

"Huyo mama wa filamu ni mfanyabiashara," nikasema. "Mzigo bora ameuweka chini ya kaunta. Mteja mwenyewe ndiye anaupandisha thamani kwa kuuwaza."

Mkasi akacheka. "Mama, umesikia? Huyu kaka akifa atambishia bei mchimba kaburi."

"Mwache," mama akasema. "Angalau anaongea. Wewe siku hizi unaongea na maji."

Tukaendelea. Sijui tulikaa muda gani. Filamu ile ilikuwa na namna ya kulegeza saa. Hatua ndani ya maji, sindano za mama zikizifuata, chwa, tik, chwa, tik. Nikajikuta nawaza habari za nyumba niliyokulia, mlango wake, kitasa chake, vitu ambavyo havina soko na sikuwa nimeviwaza tangu niache kuishi humo. Nilijitikisa. Alikuwa ananiuliza kitu.

"Nasema, hawa watu wamemulikwa na nini? Hii si taa ya kupiga picha. Nimejaribu taa zangu zote, haitoki."

Hilo lilikuwa swali la kazi yangu. Buluu ile naishi nayo.

"Ni televisheni hiyo," nikasema. "Amewaweka mbele ya kioo wakicheza, akazima taa zote za nyumbani. Uso wa huyo mzee unawaka kwa kile anachokiangalia."

Mkasi akasimamisha picha. Akairudisha nyuma. Shavu la mzee liling'aa, likafifia, likang'aa, taratibu, kwa mpangilio.

"Anachokiangalia ni kandili," akasema.

"Basi ni kandili."

"Kwa hiyo ni yeye anayewamulika."

Akarudisha tena. Shavu likang'aa, likafifia. Sindano za mama zikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hiyo taa," mama akasema, "inatembea."

Mkasi alikuwa ameganda na kidhibiti mkononi, na buluu inampita usoni. Kisha akazungumza kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Nilikuwa namgombeza. Kila harusi. Shika taa vizuri, taa inazama. Akitembea, ule mguu ukishuka, taa inashuka naye. Bibi harusi anawaka, anazimika, anawaka, anazimika. Nani atalipa ili azimike kila hatua ya pili? Nilikuwa nakata. Kila alipotembea nilikata, nikabakiza aliposimama." Akanigeukia. "Kaka. Yale makapi yako wapi?"

Tulikwenda dukani kwa miguu. Jua lilikuwa kali, barabara yote ni vioo, madirisha ya maduka yakirushiana mwanga, na Mkasi mbele yangu, kanga imemtoka begani hana habari. Mtu akikimbia mbele yako kuelekea dukani kwako, bei inapanda kila anapokanyaga. Hilo sikulibuni mimi, nimelikuta duniani.

Diski zilikuwa kwenye droo, isipokuwa moja. Nilikuwa nimeifuta na kumuuzia fundi simu mpita njia, naye alishakwenda zake.

"Ilikuwa ipi?"

"Yenye karatasi nyekundu."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Hiyo ni ya mwanzo mwanzo. Alikuwa bado na mbio miaka ile." Akainua macho. "Haiwezi kurudishwa?"

"Mimi nikifuta nimefuta. Ndiyo sifa ya duka."

Akaweka kiganja juu ya droo, kama mtu anayemzuia mtoto asidondoke. "Zilizobaki. Taja."

"Televisheni irudi."

"Ichukue."

"Na ulicholipa kinabaki kwangu."

"Kibaki."

"Na kuifungua ukutani ni juu yako."

"Nitaifungua."

Nilikasirika. Kubishana kidogo ni adabu. Asiyebishana anakunyang'anya raha ya kushinda. Nilimwambia hivyo.

"Basi nami nina sharti," akasema, "ili usinung'unike. Nikimaliza kuitengeneza, mama ataiangalia kwenye kioo chako kikubwa kule nyuma. Mchana. Wachezaji wote nje."

"Kinyozi atapiga kelele."

"Kinyozi aje. Filamu si ilikuwa yake?"

Siku ilipofika nilitundika mablanketi madirishani na kuwafukuza wachezaji. Mama alikuja na sweta yake, akakaa kwenye kiti kile cha kuzama ambacho vijana hugombania, miguu haifiki chini. Kinyozi alikaa nyuma amevua kofia. Nilibaki mlangoni, vifaa ni vyangu na sikutaka viguswe.

Kwanza ikaja sauti: ukumbi, watu wengi, vijiko, viti vikiburutwa. Kisha uso wa mwanamke nisiyemjua, pembeni kabisa ya kioo, nusu nyingine tupu. Ukawaka. Ukafifia. Ukawaka. Mwanga ukamwacha ukaenda kwa mwingine, ukapita kwenye glasi, kwenye keki, kwenye ukuta wenye utepe, kwenye safu ya wazee wanaosinzia, na kila ulipokwenda ulikwenda vile vile, ukizama upande mmoja, ukisimama kidogo, ukipanda. Mabibi harusi walipita kama watu wanaopita chini ya maji. Hakuna aliyekatwa. Mkasi alimwacha kila mmoja akae mpaka mwanga ummalize. Katikati ya filamu nikagundua kwamba namjua yule kijana. Mrefu, anaegemea kushoto, haharakishi, anaomba radhi kwa bega anapopita kati ya viti. Sijawahi kumtia machoni. Angepita barabarani amenipa mgongo ningemwita.

Halafu kioo kikawa cheusi.

Kikabaki cheusi. Hakuna sauti wala picha. Kinyozi akaninong'oneza, "Imekata?" Nami nikawa nimeshapiga hatua kwenda kuangalia waya.

"Kaeni," mama akasema. "Amepumzika huyo. Mguu ulikuwa unamsumbua akitembea sana."

Nikatazama upande wa Mkasi. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nikaelewa kwamba weusi ule ndio ukubwa wa diski yenye karatasi nyekundu, na kwamba hakujaribu kuuziba na kitu.

Ndani ya giza likatokea nukta. Mbali, ng'ambo ya ukumbi uliokwisha kuwa mtupu, viti vimepinduliwa mezani, taa moja imeelekezwa moja kwa moja kwenye kamera. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi yao. Taa ikitazama kamera, picha imekufa. Nyuma ya taa hakuonekana mtu. Ikasikika sauti ya kijana, imechoka, ina kicheko ndani yake:

"Dada, nisogee?"

"Sogea, baba," mama akajibu, kabla ya mtu yeyote kwenye filamu.

Ikaanza kuja. Ikazama, ikapanda. Ikazama, ikapanda. Haikuwa na haraka. Nukta ikawa chungwa, chungwa likawa dirisha, na uso wa mama nao unawaka na kufifia, unawaka na kufifia, mpaka kioo chote kikawa cheupe, na chumba changu, na mablanketi yake na nyaya zake na vumbi lake, kikawa cheupe nacho kama kimefunguliwa paa.

Mama alikaa kidogo. Kisha akatafuta sweta mapajani, akapata sindano yake.

"Ndiye," akasema. "Alikuwa anakuja hivyo hivyo."

Kinyozi alitoka bila kuaga, kofia mkononi. Mimi nikakunja mablanketi.

Sasa hesabu. Televisheni niliirudisha dukani na ikapata mtu kabla ya wiki kwisha, bwana mmoja aliyempenda kasuku. Kitu kimoja nimekiuza mara mbili, siwezi kulalamika. Mkasi amebaki na kompyuta yake ndogo, na mama huiangalia filamu hapo, karibu na dirisha, kila alasiri akishachoka kufuma. Mwendo wake anao. Miaka ya mwanzo, ile ya mbio, haina mtu. Labda iko mfukoni mwa fundi simu, imefunikwa na nyimbo. Harusini siku hizi Mkasi anasimamisha taa kwenye stendi. Hazizami, na wateja wanasifu. Yeye anasema picha zimekuwa kama zimepigwa kwenye jokofu.

Mimi niliitaka filamu ile. Sikujua nitaifanyia nini. Niliitaka tu, na mtu wa kazi yangu akitaka kitu bila kujua cha kukifanyia ajue amebanwa. Nilimtajia televisheni nyingine, nzima, nyeusi yake nyeusi kweli. Nikaongeza spika. Nikaongeza kumfungia.

"Kaka," akaniambia, "wewe si unauza vilivyotumika?"

"Ndiyo."

"Basi subiri. Mama hajamaliza kuitumia."

Kila nikipita chini ya lile duka la vitambaa napaza sauti kuuliza kama tayari. Pazia linasogezwa kidogo, buluu inamwagika nje mchana kweupe, na Mkasi anatoa kichwa.

"Bado," anasema. Nami naendelea na safari yangu.